Gari la skrini lang'aa, lakini macho yako wapi?

JE, mpenzi msomaji, umewahi kuingia chumbani usiku wa giza, ukapapasa ukuta na mkono ukaifikia swichi ya taa bila wewe kufikiri? Mkono una kumbukumbu yake. Hukuhitaji macho wala tochi.

Nililikumbuka jambo hilo msimu wa masika uliopita, tukitoka Mombasa kwenda Msambweni kumwona mama aliyekuwa mgonjwa. Aliyeshika usukani ni shemeji yangu, mume wa dada. Yeye ni mwalimu, na baada ya miaka mingi ya kujibana alikuwa amejipatia gari dogo la mtumba kutoka Japani. Tulivuka feri ya Likoni tukiwa watu watano, dada na wanawe wawili wakiwa nyuma. Mbele yetu, mahali ambapo magari tuliyoyazoea huwa na vitufe, palikuwa na kioo cheusi kinachong'aa mithili ya simu kubwa.

Tulipopita Tiwi mvua ilishuka kwa vishindo. Tukafunga madirisha, na kwa pumzi zetu kioo cha mbele kikaingia ukungu mara moja. Katika gari lake la zamani, shemeji angezungusha swichi moja tu na upepo wa kiyoyozi ungeufuta ukungu ule. Sasa alilazimika kuinama na kuisoma skrini. Akagusa, ikaja redio. Akagusa tena, ikaja ramani yenye maandishi ya Kijapani.

"Hebu shemeji, nitafutie hapo penye upepo," aliniambia, naye bado ameinama.

"Baba watoto, mbele!" dada akapiga kelele.

Breki zililia. Gari liliserereka, likasimama hatua chache tu kutoka kwa wanafunzi wawili waliokuwa wakivuka barabara, wamejifunika gunia vichwani. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Chupa ya uji tuliyombebea mama ilipinduka. Kutoka hapo hadi Ukunda dada hakusema neno.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukiinamia skrini kwa sekunde tatu, umekwenda mita 66 bila kuona njia. Hiyo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda, na barabara yetu ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga ina bodaboda, mbuzi, na watoto wa shule.

Kitufe kina mahali pake pasipobadilika. Kidole hukijua kwa umbo, na kikibonyea unahisi kwamba kazi imefanyika. Skrini ni bapa, haina cha kupapasa, na kila ukurasa una mpangilio wake. Ni lazima uitazame.

Mwaka wa 2022 jarida moja la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilijaribu magari 12. Dereva alipewa kazi nne ndogo ndogo, kama vile kutafuta stesheni ya redio, huku akienda kilomita 110 kwa saa. Volvo kuukuu ya mwaka wa 2005, yenye vitufe, ilimaliza kwa sekunde 10, ikawa imekwenda mita 306. Gari jipya lililoshika mkia lilichukua karibu sekunde 45, likawa limekwenda mita 1,372. Na madereva walikuwa wamepewa nafasi ya kuyazoea magari hayo kwanza!

Si magari pekee. Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi walitaja mafunzo haba, lakini pia walitaja mkanganyiko juu ya skrini za kugusa zilizotumiwa kuiendesha. Mwaka wa 2019 jeshi hilo la majini lilisema litarudisha mikono halisi ya kuongozea mwendo katika meli za aina hiyo.

Huko Ulaya, shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari mapya, lilianza Januari 2026 kuyanyima alama magari yasiyo na vitufe au vijiti halisi vya indiketa, taa za tahadhari, honi, waipa na wito wa dharura.

Utauliza, kwa nini basi watengenezaji wanazipenda skrini? Skrini moja huchukua nafasi ya swichi na nyaya nyingi, hivyo hupunguza gharama. Tena humvutia mnunuzi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa haki, skrini ina faida zake: huonyesha kamera ya nyuma unaporudi kinyumenyume, na ramani ukiwa mgeni Diani.

Jambo hili linakuja mlangoni mwetu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, na kwa hivyo kila mwaka bandari yetu hupokea magari yenye skrini zaidi. Kuna tatizo jingine pia. Redio za Japani hushika masafa ya 76 hadi 90, na mpya zaidi hufika 95, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Wengi hukimbilia kung'oa redio hiyo. Lakini ikiwa kiyoyozi kinaongozwa na skrini hiyo hiyo, ukiing'oa umepoteza vyote viwili.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa zako, keti kwenye kiti cha dereva gari likiwa limesimama, ufumbe macho. Je, mkono wako unafikia waipa, taa za tahadhari, honi na upepo wa kufuta ukungu? Kama haufiki, fikiri tena. Uliza kama lugha ya skrini yaweza kubadilishwa. Itazame wakati wa jua la adhuhuri, na uijaribu kwa kidole chenye maji. Na kama tayari unalo gari hilo, panga kila kitu kabla ya kung'oa nanga. Likizuka jambo njiani, egesha kando.

Shemeji hakuliuza gari lake. Deni bado analilipa. Ila siku hizi dada hukaa kiti cha mbele, naye ndiye utingo wa skrini. Mume haruhusiwi kuigusa hata kidogo gari likiwa mwendoni.

Nasi hufika Msambweni salama, na uji ungali moto.

Tukutane Jumapili ijayo.