Mtoto akiuliza 'nani alijenga?', usimjibu 'majini'

Siku hizi swali hilo hutoka kwenye simu. Mtoto wa darasa la nne ameangalia video fupi ya piramidi za Misri. Sauti ya msimulizi inasema binadamu hana uwezo wa kujenga kitu kile, eti ni viumbe kutoka sayari nyingine. Anamgeukia mzazi: "Baba, ni kweli?" Baba amerudi kazini amechoka. "Labda majini," anajibu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jibu hilo lina gharama. Mtoto amejifunza kwamba watu wa Afrika hawakuweza kufanya kazi kubwa, na kwamba jambo asilolielewa halichunguzwi. Fundisho hilo la pili humfuata hadi kwenye afya. Nyumba inayozoea kusema "ni majini" ndiyo itakayosema "amerogwa" siku mtoto atakapovimba tumbo, na kuchelewa kumpeleka kituo cha afya.

Habari njema ni kwamba mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kulijibu swali hilo bila kwenda Cairo.

Anzia Butiama

Pale Mwitongo, mbali na makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, kuna kitu ambacho watoto hukipenda kuliko vyote: miamba mikubwa. Miamba ya aina hiyo iko pia ufukweni Musoma, mingine imekaa juu ya mwenzake kama imepangwa na mtu. Nani aliipanga?

Hakuna aliyeipanga. Ule mwamba ulitokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi zamani sana, ukapata nyufa. Maji yalipenya kwenye nyufa, yakalainisha kingo, na mvua za miaka mingi zikaondoa udongo. Kilichobaki ni yale mawe ya mviringo.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kutofautisha. Mwambie mtoto atafute alama za mkono wa mtu: mlango, kona, au jiwe dogo lililosokomezwa ili kubwa lisitikisike. Asipoziona, huenda ni kazi ya mvua na jua.

Vuka mpaka wa Sirari

Alama hizo zote zipo Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori nchini Kenya, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yanayokadiriwa kuanza kujengwa karne ya 16 na jamii za wafugaji wa ukanda huu wa Ziwa Victoria. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta zake zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na hazina saruji wala udongo wa kushikiza. Zimesimamaje?

Wajenzi walipanga ukuta wa nje na ukuta wa ndani, kisha wakajaza katikati kwa mawe madogo yanayoshikana na yale makubwa. Palipokuwa dhaifu waliegemeza mawe ya ziada. Milango waliifanya mifupi na myembamba, ili anayeingia ainame. Adui aliyeinama hawezi kurusha mkuki vizuri, na ng'ombe hawatoki kwa fujo.

Hapo mtoto anaona kwamba kila jiwe lina sababu. Waliolipanga walikuwa majirani wa babu zake.

Sasa Misri

Maji ya Mto Mara huingia Ziwa Victoria karibu na Musoma, hutokea Jinja, Uganda, na hatimaye hufika Misri kwa Mto Nile. Mto huohuo ndio uliobeba mawe ya piramidi.

Piramidi kubwa ya Giza, ya mfalme Khufu, ilijengwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Ilikuwa na urefu wa mita 146 hivi, na mawe yake yanakadiriwa kufikia milioni 2.3. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, watafiti walipata karatasi za mafunjo zenye kumbukumbu za msimamizi aliyeitwa Merer. Aliandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza.

Makaburi ya wafanyakazi nayo yaligunduliwa karibu na piramidi mwaka 1990. Mifupa yao ina alama za kuumwa mgongo na magoti kwa sababu ya kubeba mizigo mizito. Mingine ilivunjika mikono au miguu, ikaungwa, ikapona vizuri. Maana yake palikuwa na mtu wa kuwatibu. Jini havunjiki mguu akafungwa banzi.

Jaribio la nyumbani

Weka mawe kwenye sinia la bati, funga kamba, mwambie mtoto alivute juu ya mchanga mkavu wa ujenzi. Kisha lowesha mchanga kiasi, avute tena. Ataona tofauti.

Wamisri walilijua hilo. Katika kaburi la Djehutihotep kuna mchoro wa sanamu kubwa ikivutwa juu ya sileji, gari lisilo na magurudumu, na mtu amesimama mbele akimwaga maji. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima, wakakuta mchanga uliolowa kwa kiasi sahihi hupunguza nguvu ya kuvuta hadi karibu nusu. Maji yakizidi, kazi inakuwa ngumu tena. Mwache mtoto agundue mwenyewe kipimo.

Fanyeni jaribio hili uani, si ndani ya ziwa. Konokono wa maji ya ziwa hueneza kichocho, na mtoto huambukizwa kwa kukanyaga au kuoga tu. Ugonjwa huu ni wa kale: mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba amekuta mayai ya kichocho kwenye figo za maiti za Misri zilizokaushwa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita.

Dalili ni damu kwenye kinyesi au mkojo, maumivu ya tumbo na, ukikaa muda mrefu, tumbo kuvimba. Kipimo na dawa vipo, na dawa hiyo, praziquantel, ndiyo hutolewa shuleni siku za kumeza dawa. Hakikisha mtoto amekula kabla ya kuimeza.

Kabla ya safari

Kwa Butiama siku moja inatosha. Kwa Thimlich Ohinga, fika kwanza ofisi ya uhamiaji uulize hati za watoto za kuvukia mpaka.

Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na kofia. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa sababu nyoka hupenda kujificha kwenye mawe. Mtoto anayetapika garini apewe chakula kidogo kabla ya kuondoka na akae mahali anapoona barabara mbele.

Mkifika, asipande juu ya kuta. Jiwe moja likitoka linaweza kumwangukia, na ukuta uliosimama karne nyingi unaanza kulegea.

Akiuliza swali ambalo mzazi hana jibu lake, amwambie hivyohivyo, kisha waliandike kwenye daftari na kumuuliza mwongoza wageni au mwalimu wake Jumatatu.