Ombi Lako la Kazi Limeishia Wapi?



Katika nyumba nyingi siku hizi yupo binti aliyemaliza chuo na bado yuko nyumbani. Ameomba kazi mara tano, mara kumi, na hajaitwa kwenye usaili hata mara moja. Mama anaona haya mbele ya ndugu waliochangia ada. Baba ananyamaza tu. Na binti mwenyewe amefikia kusema neno ambalo wengi wetu hulisema: "Kazi siku hizi ni kujuana."

Siwezi kukuambia kwamba kujuana hakupo. Lakini kazini nimewahi kushirikishwa katika kuchambua maombi ya wauguzi, na hapa kanisani huwa nawasaidia vijana kuandaa maombi yao. Niliyoyaona yananipa ujasiri wa kusema hivi: maombi mengi huanguka mezani kabla mtu yeyote hajauliza mwombaji ni binti wa nani. Huanguka kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana, au jina moja lisilofanana na jingine. Hayo ni mambo tunayoweza kuyarekebisha sisi wenyewe.

Mchujo wa kwanza

Wengi hudhani mchambuzi hukaa akitafuta mwombaji aliye bora kuliko wote. Hilo huja baadaye. Mwanzoni kazi yake ni kuwatoa wasiotimiza masharti ya tangazo. Ana orodha mkononi: cheti hiki kipo? Leseni ipo? Barua imesainiwa? Kinachokosekana hakitafutwi, na mwombaji hapigiwi simu ili akumbushwe. Ombi linawekwa kando, linachukuliwa linalofuata.

Kwa hiyo soma tangazo lote, mpaka yale "masharti ya jumla" ya mwishoni ambayo wengi huyaruka. Tuchukue matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo maombi yake hupitia kwenye mfumo wa Ajira Portal. Kwa kawaida hutaka mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari katika utumishi wa umma. Hutaka cheti cha kuzaliwa, barua ya maombi iliyosainiwa, maelezo binafsi yenye namba ya simu inayopatikana, na majina ya wadhamini watatu. Vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya taaluma huambatishwa vivuli vilivyothibitishwa na mwanasheria. Tena husema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya cheti chenyewe.

Hapo ndipo wengi hukwama. Cheti kiko shuleni hakijachukuliwa, mwenyewe anatumia karatasi ya matokeo akiamini ni kitu kile kile. Binti yangu, panda basi ukachukue cheti chako sasa, tangazo lisikukute bila nacho.

Kwa sisi wauguzi kuna jambo la ziada. Kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga hakutoshi, lazima pia leseni ya kufanyia kazi iwe hai. Aliyekaa nyumbani akaiacha leseni ikaisha muda anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Jina la ndoa

Akina mama, hili linatuhusu sana. Dada amesoma kwa jina la baba yake. Akaolewa, akajiandikisha kitambulisho cha Taifa kwa jina la mume. Cheti cha kuzaliwa nacho kina jina la babu ambalo halipo kwenye cheti cha shule. Nyumbani wote tunajua ni mtu mmoja. Mezani wanaonekana ni watu watatu.

Kwenye matangazo ya kuitwa kwenye usaili serikalini huandikwa kwamba wenye majina yanayotofautiana katika nyaraka zao waje na hati ya kisheria ya kubadili jina, iliyosajiliwa kwa Msajili. Cheti cha ndoa pekee usikitegemee. Hati hiyo huandaliwa na mwanasheria, na inahitaji muda na fedha kidogo. Anayeanza kuihangaikia baada ya kuitwa, huku usaili ukiwa wiki ijayo, anaweza kufika mlangoni akarudishwa. Leo jioni tandika nyaraka zako zote juu ya kitanda, usome jina moja moja, herufi kwa herufi. "Neema" na "Nehema" ni majina mawili.

Barua inayosema jambo

Ukishatimiza masharti ndipo barua yako inaposomwa. Na barua nyingi zinafanana kama mapacha: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na naweza kufanya kazi na watu wote." Ni maneno mazuri, lakini kila mtu ameyaandika, na hakuna anayeweza kuyapima.

Tangazo limekwisha kukuambia kazi zenyewe ni zipi. Kwa muuguzi, litataja mambo kama kuhudumia wagonjwa, kutoa elimu ya afya na kukusanya takwimu. Basi jibu hayo. Andika: "Nilifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka miwili, kwa zamu za mchana na za usiku. Nilikuwa natoa elimu ya lishe kwa akina mama kliniki, na kuandaa taarifa ya mwezi ya wodi." Hapo mchambuzi anamwona mtu akiwa kazini. Ukurasa mmoja unatosha. Taja jina la nafasi kama lilivyo kwenye tangazo, na kumbukumbu namba kama ipo. Barua iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki, ikiwa bado na jina la hospitali nyingine, hujulikana mara moja.

Wadhamini nao waambie kabla ya kuwaandika. Si vizuri mzee wa kanisa apigiwe simu kuulizwa habari zako, naye aseme, "Huyo nani?" Na ile namba ya simu uliyoandika, hakikisha laini hiyo inatumika.

Miaka ya kulea

Dada mmoja aliniletea maelezo yake binafsi, yakiwa na pengo la miaka sita. Nikamwuliza alikuwa wapi. Akajibu kwa aibu, "Nilikuwa nalea tu." Tulipokaa tukazungumza, nikakuta kwamba katika miaka hiyo alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, akitunza vitabu vya mikopo na kusoma hesabu mbele ya wanachama kila mwezi. Alijitolea pia siku za kliniki ya watoto kwenye zahanati ya kijijini, akipima uzito na kujaza kadi.

Hiyo ni kazi, hata kama haikuwa na mshahara. Iandike, pamoja na mwaka ulioanza na mwaka ulioacha, na jina la mtu anayeweza kuithibitisha. Ila usiongeze chumvi. Mweka hazina wa kikundi asijiite mhasibu. Miaka ya kulea itaje wazi kwa sentensi moja, kisha uendelee. Mlezi hana cha kuombea radhi.

Njia ya mkato

Kuna majaribu mawili ninayotaka kuyasema bila kuficha. La kwanza ni cheti cha kununua. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana nyumba na watoto shuleni. Mshahara uliojengwa juu ya uongo unaweza kuanguka siku moja, ukawaangukia na watoto.

La pili ni mtu anayekuambia, "Nitumie kiasi fulani, jina lako litatokea kwenye orodha." Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Utagharamia mwanasheria, steshenari, na nauli yako ya kwenda kwenye usaili, basi. Mama anayeuza mbuzi ili ampe mtu wa namna hiyo anapoteza mbuzi na matumaini kwa pamoja. Tena tukumbuke kwamba hatuwezi kumwomba Mungu mlango, huku mkononi tumeshika ufunguo wa kuiba.

Anza na bahasha moja

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wiki hii, wewe na binti yako, tafuteni bahasha moja ngumu. Wekeni humo vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, leseni kama ipo, vivuli vilivyothibitishwa, na karatasi yenye majina na simu za wadhamini watatu. Kinachokosekana kiandikeni kwenye karatasi na mpange nani atakifuatilia, na lini. Matangazo mengine hukaa wiki mbili tu. Hazitoshi kutafuta cheti kilichopotea, lakini zinatosha kabisa kuandika barua nzuri ikiwa mengine yote yako tayari.

Sitaahidi kwamba ataitwa safari hii. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi. Lakini asipoitwa, isiwe kwa sababu ya karatasi iliyokuwa kabatini siku zote. Nanyi akina mama, tusimwulize kila jioni, "Vipi, wamejibu?" Tumwulize, "Tumebakiza nini kwenye bahasha?" Swali hilo la pili anaweza kulijibu bila machozi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.