Kisima Hakitoi Maji Tu

Kila msimu, mkulima wa Machakos hununua mbolea ya fosfati, kwani udongo wake una uhaba wa fosforasi. Je, iwapo fosfati ingekuwemo chini ya nyayo zake, tungejuaje?

Pa kuanzia ni kumbukumbu za visima virefu. Mchimbaji hupaswa kuandika kina na matabaka ya miamba aliyoyapenya. Kisha maji hupimwa. Floridi ikizidi majini, huenda ikaashiria apatiti, madini yenye fosfati. Hiyo ni dalili, si ithibati, maana floridi ina vyanzo vingine. Hata hivyo, dalili haidharauliwi: fosfati ya Minjingu, Tanzania, iligunduliwa katika miaka ya 1950 na watu waliokuwa wakitafuta urani.

Lakini kumbukumbu ni maandishi, na maandishi yana lugha yake. Aliyeandika "jiwe gumu" pekee hakumwambia mtafiti lolote. Jiwe lipi? Naisi, au lava ya Uwanda wa Yatta? Neno moja sahihi laweza kuepusha gharama ya kuchimba upya.

Walimu, itafuteni kumbukumbu ya kisima cha shule yenu, muisome pamoja na wanafunzi. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.