Kuchagua Chombo cha Kusakia Makosa ya Kumbukumbu

Wakufunzi wenzetu wanaofundisha lugha ya C huuliza mara kwa mara: wanachuo wapewe chombo gani cha kusakia makosa ya kumbukumbu ya kompyuta, Valgrind iliyotoka mwaka 2002, au AddressSanitizer iliyotangazwa mwaka 2012? Wengi huamua kwa kutazama mwendo. Memcheck, chombo kikuu cha Valgrind, huipunguzia programu mwendo mara 10 hata 50. AddressSanitizer huipunguzia takriban mara mbili tu. Twaona kigezo hicho hakifai darasani. Programu ya kujumlisha alama za wanafunzi 40 humalizika kufumba na kufumbua, kwa chombo chochote.

Mwanachuo wetu mmoja, akijiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha huko Mbagala, aliandika programu ya namna hiyo. Alitenga safu ya nafasi 40, lakini mzunguko wake ukasoma tarakimu 41. Ile ya mwisho katika faili lake ilikuwa idadi ya wanafunzi, yaani 40, nayo ikaandikwa juu ya nafasi ya jumla. Hivyo wastani wa darasa ukazidi kwa alama 1 kamili. Ni mwalimu mkuu gani angelitilia shaka? Memcheck ilitoa taarifa ya makosa sifuri, naye akaridhika. Tuligundua kwa kukokotoa kwa kalamu.

Memcheck haikuharibika. Huilinda mipaka ya kumbukumbu iliyoombwa kwa malloc, bali haikagui mipaka ya safu iliyotangazwa ndani ya programu yenyewe. AddressSanitizer huingizwa na kompaila wakati wa kutafsiri programu, ikazungushia kila safu eneo la mwiko. Tulipoitumia, ilitaja mstari wenye kosa papo hapo.

Wenzetu wasikimbilie kuitupa Valgrind. Siku ya pili tuliifuta makusudi amri ya kuanzisha jumla kwa sifuri. Safari hii AddressSanitizer ndiyo iliyonyamaza, na Memcheck ikalalamika kwamba thamani isiyoanzishwa imetumika.

Kwa hiyo tunashauri vyombo vyote viwili vifundishwe, tena kwa makosa yaliyopandwa na mkufunzi: mwanachuo aandike kwanza ni chombo gani kitasema na kipi kitanyamaza, ndipo aendeshe. Valgrind haifanyi kazi moja kwa moja katika Windows, nasi tumeweka Linux katika kompyuta tatu tu. Hugombaniwa.