Hilo "soko" mnalolisingizia linakaa mtaa gani?

Wadau, leo nitawakera baadhi yenu na wala sijali. Kuna neno moja limekuwa kichaka cha kujifichia hapa Bongo: soko. Msanii akitoa ngoma inayofanana na ngoma kumi za Sauzi, utasikia "soko ndio linataka". Dairekta akipiga muvi ya jumba la kifahari na mama mkwe mchawi, soko. Kiongozi wa klabu akimtimua kocha ligi hata haijafika nusu, "mashabiki wanataka matokeo", yaani soko lilelile, ila hapo limevaa jezi.

Mimi niko sokoni kila siku. Nanunua bando, nalipa kiingilio, nanunua jezi kila mwaka utafikiri naila. Sikumbuki hata siku moja kuulizwa nataka nini.

Tuwe wakweli, soko ni jina zuri la woga. Mwenye maamuzi anaogopa kulaumiwa. Akifanya cha kwake kikabuma, lawama ni zake. Akiiga cha mwenzake kikabuma, anasema wote tumebuma. Basi anaiga, halafu sisi ndio tunaambiwa tumetaka.

Tuanze na mpira, maana huko ndiko pesa inachomwa mchana kweupe. Majina ya watu sitaji, mnawajua.

Msimbazi walichukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 mpaka 2020/21. Jangwani wakajibu na minne yao, 2021/22 mpaka 2024/25. Sasa angalia aliyepokonywa alifanya nini. Kuanzia mwisho wa 2021 mpaka katikati ya 2024 pale Msimbazi alipita Mhispania, akaja Mserbia, akashika mzawa, akaja Mbrazili, akaja Mualgeria. Na bado hujahesabu waliokaimu. Kila mmoja ana mpira wake kichwani. Beki aliyesajiliwa kwa sababu anapanda, anakuja kocha anamwambia baki nyuma. Winga aliyeletwa kwa mbio anaambiwa acheze pasi fupi fupi. Halafu sisi kwenye vijiwe tunasema mchezaji kashuka kiwango. Kashuka wapi? Kabadilishiwa kazi mara tatu na mshahara ni uleule!

Timu ikikosa mpira wa kwake, unaobaki hata kocha akiondoka, kila kocha mpya ni kuanza moja. Na hapa Kariakoo kamati ya usajili inapenda kununua kwanza, kocha anakuja kuambiwa "hawa ndio wachezaji wako". Hivi fundi gani anajengewa msingi na mtu mwingine halafu nyumba ikipinda anafukuzwa yeye?

Msiseme nawabeba Jangwani. Walipotulia tuliona. Mtunisia waliyemchukua Aprili 2021 walimwacha afanye kazi mpaka 2023, akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kwa goli la ugenini tu mbele ya USM Alger. Somo lilikuwa pale mezani, limeandikwa kwa herufi kubwa. Wakasoma? Kocha aliyewapa ubingwa wa 2023/24 alitimuliwa Novemba 2024 baada ya kufungwa mechi mbili mfululizo. Mbili! Mtu kakupa kombe miezi michache nyuma, unamfungashia virago kwa sababu watani wamecheka mtandaoni.

Ndio ugonjwa wenyewe huo. Hizi klabu haziangalii zinataka kuwa nini, zinaangalia wa ng'ambo ya barabara kafanya nini. Msimbazi walianzisha siku yao ya tarehe 8 Agosti mwaka 2009, watu wakacheka. Jangwani wakaja na wiki yao 2019. Hiyo sina shida nayo, uwanja unajaa na mama lishe anauza. Ila kuiga kukahamia kwenye kila kitu, mpaka wasemaji. Leo msemaji ni staa kuliko namba tisa. Kocha anaondoka, msemaji anabaki, na wiki inayofuata ndiye anayetueleza kwa nini kocha alikuwa hafai.

Tuje kwenye muziki. Singeli ilipoanza kulipuka uswahilini mliiitaje? Muziki wa wahuni, kelele, vigodoro. Wenye studio zao za kiyoyozi hawakutaka hata kuisikia. Mwaka 2017 kampuni moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikaja kuchukua kazi za studio ya Sisso pale Mburahati, ikatoa mkusanyiko unaitwa Sounds of Sisso. Madogo wa uswahilini wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya na sauti ambayo duniani haipo kwingine. Baada ya hapo ndio mastaa wetu wakakumbuka kwamba na wao walikulia kwenye ngoma hizo. Mganda kaona dhahabu uani kwetu, sisi tuko dukani tunanunua bati la Sauzi.

Najua kuna mtu hapo anajiandaa kuniambia hata Bongo Fleva ilianza kwa kuiga Wamarekani. Kweli kabisa. Na dansi la Dar lilinywa rumba ya Kongo mpaka likalewa. Lakini vijana wa miaka ya 90 walichukua biti ya Mmarekani, wakaweka Kiswahili na shida za mtaa wao, ikawa kitu kingine. Yule mzee wa Super Matimila alitoka Kongo kabisa na gita la kwao, akatulia Dar, akaimba umaskini, akaimba kifo, akaimba mpaka kondomu wakati watu wanaona aibu kulitamka hilo neno. Hakuna aliyemfananisha na mtu. Leo ukishuka daladala Sinza Kwa Remmy, unashuka kwenye jina lake. Nitajie staa wa sasa wa kukopi ambaye kituo cha daladala kitaitwa jina lake.

Kuchukua ni sawa. Ila ukichukua halafu ukakaa nacho vilevile, na lafudhi yake, na ngenga zake, mpaka majina ya mitaa ya Johannesburg ambayo hujawahi kukanyaga, hapo umekodi.

Muvi sitakaa sana, maana kidonda kinajulikana. Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, ikatufungulia mlango wa Nigeria, na ilikuwa hatua nzuri tu. Tatizo ni waliofuata. Walibeba nyumba, gari, mganga, kilio na Part 2, wakatuuzia mpaka tukachoka. Mwaka 2017 waigizaji wakaingia barabarani Kariakoo kulalamika kwamba filamu za nje zinawaua. Kwenye kodi na wizi wa kazi walikuwa na hoja, nakubali. Lakini mtazamaji wa Mbagala akiwekewa Mnaijeria mwenyewe na Mnaijeria wa kuchovya, bei moja, kwa nini achukue wa kuchovya?

Halafu akaja mtu mmoja akachukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, Zanzibar ya enzi za mkoloni, Kiswahili cha kwao, bila mganga wa kukimbizana naye. Ikaonyeshwa tamasha la Toronto 2021, na mwaka uliofuata ndiyo Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Soko la Toronto halikuomba jumba la kifahari.

Yote haya mngeweza kusema ni biashara za wakubwa, zinatuhusu nini. Zinatuhusu. Kuna dogo mmoja namjua, ana sauti nzito yenye mkwaruzo, Kimakonde kimejaa mdomoni, na anaandika vitu ambavyo ukisikia unanyamaza. Alipoenda kwa prodyuza mmoja akaambiwa sauti ailainishe, lafudhi aifute, jina abadilishe, aimbe kama fulani. Akafanya yote. Miaka miwili sasa anaimba kama fulani, na fulani mwenyewe yupo hai, ana afya njema na anapokea simu. Nani atampigia dogo? Juzi namuuliza hebu imba ile ya zamani ya bibi yako na shamba la korosho. Akaanza, akakatikia mstari wa pili. Kasahau mashairi yake mwenyewe, ila ya fulani anayajua yote kwa kichwa.

Sasa bosi wa lebo, mwenyekiti, dairekta, nyie mnaopita hapa kimyakimya bila kulike: mnasema mnalisikiliza soko. Haya, soko limeongea. Dirisha la usajili likifunguliwa nitawahesabia, mmoja mmoja, nani kamuuliza kocha kwanza.