Mafuta ya Karafuu Mazuri, Lakini Chandarua Kisitoke Kitandani



Sisi tunaoshona na kuuza nguo za harusi hapa Darajani tunaliona sanduku la bi harusi linavyojazwa: kanga, udi, chetezo, manukato. Siku hizi kimeongezeka kitu kipya, kichupa cha mafuta ya kufukuza mbu, ya karafuu au ya mchaichai. Jambo hilo tunalipenda. Karafuu ni yetu, na Pemba kipo kiwanda cha Wawi kinachotoa mafuta hata kwenye makonyo. Bibi zetu nao walichoma kivumbasi jioni ili mbu wakae mbali.

Kinachotuudhi ni maneno yanayouzwa pamoja na kichupa: "Bibie, haya ya asili, hayana madhara, chandarua cha nini tena?" Hapo tunasema hapana.

Mafuta haya humfukuza mbu kwa harufu, na harufu huruka. Mchaichai ukijipaka saa moja magharibi, hata usiku mkuu haujaingia nguvu yake imekwisha. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, nawe umelala. Zanzibar imefika mahali pazuri, maambukizi ya malaria yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na hilo halikuletwa na kichupa. Limeletwa na vyandarua vyenye dawa, kupuliza dawa majumbani, kupima na kutibu. Bi harusi wa leo huenda akawa mjamzito karibuni inshaallah, na malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto wake. Kumwambia aondoe chandarua ni kumdhulumu.

Tena yupo mbu wa dengue, ambaye huuma mchana na huzaa kwenye maji yaliyotulia ya ndoo, mapipa na vyungu vya maua. Dengue iliwasumbua sana wenzetu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, na boti zinavuka kila siku. Huyo dawa yake ya kwanza ni kufunika maji na kumwaga yasiyo na kazi.

La pili ni ngozi. Mafuta ya karafuu ni makali, yakipakwa matupu huunguza. Bi harusi aliyesuguliwa singo wiki nzima ngozi yake imelainika, basi ndiyo kabisa asiyapake hivyo. Tone 1 kwenye vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi linatosha, na kwanza jaribu kidogo mkononi usubiri hadi kesho. Mjamzito aulize kliniki kabla ya kupaka. Mtoto mchanga asipakwe, na kichupa kikae mbali na watoto, kwani kuyanywa ni hatari. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili.

Pahala ambapo karafuu inatufaa bila wasiwasi ni kabatini. Nondo hupenda hariri na sufu. Shona kifuko cha pamba, tia karafuu kavu kiganja kimoja, kining'inize kando ya nguo. Kisiguse satini, maana mafuta yake huacha doa lisilotoka. Harufu ikififia badilisha karafuu. Na nguo ihifadhiwe ikiwa safi na kavu, kwa sababu jasho na chakula ndivyo vinavyowaita wadudu.

Kwa wenzetu wauzaji: andikeni kwenye kichupa kilichomo, kimechanganywa na nini, na kimetengenezwa lini. Dini yetu imekataza ghushi katika biashara, na kusifia bidhaa kwa jambo isiloliweza ni ghushi pia. Faida ya kichupa kimoja haifai kubeba dhima ya mgonjwa.

Na wewe mama au somo unayemfunga binti yako sanduku, weka mafuta ukipenda, yatanukia vizuri barazani jioni. Lakini chandarua kitangulie. Kushika sababu hakupunguzi tawakkul. Tunachukua kinga, kisha tunamtegemea Allah.

Allah awalinde bi harusi wetu na nyumba zao. Amin.