Ujuzi Hauzeeki

Wahenga wamesema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini yafaa tujiulize: hutunzwa mpaka lini? Magoti yanapochoka na chipukizi wanapomshinda, makofi hukoma, na mara nyingi jamii humsahau mchezaji pamoja na yote aliyoyajua. Huo ni upotevu wa mali ya umma.

Mfano wa Bibi Sue Barker wa Uingereza wastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 20, alitwaa ubingwa wa tenisi wa Ufaransa kwa kumshinda Renáta Tomanová. Mwaka uliofuata alihesabiwa wa tatu miongoni mwa wanawake duniani. Na mwaka huohuo Betty Stöve alimtoa katika nusu fainali ya Wimbledon. Alipostaafu katikati ya miaka ya 1980 hakubaki kuhadithia enzi zake. Alijifunza kazi nyengine tangu mwanzo: akaanzia televisheni ya Australia, akaingia BBC mwaka 1993, na huko akaja kuongoza matangazo ya Wimbledon hadi mwaka 2022.

Isidhaniwe kuwa ni jina tu lililombakisha pale. Jina humkaribisha mtu barazani, lakini halimkalishi karibu miaka 30. Mtangazaji hana budi kuuliza kwa ufupi, kuchunga saa, na kunyamaza inapopasa. Mwaka 2012, Andy Murray aliposhindwa na Roger Federer katika fainali, Barker ndiye aliyemhoji uwanjani mbele ya umma, na Murray akatokwa na machozi. Kumsemesha mtu katika saa kama ile kwahitaji ufundi wa utangazaji, na kwahitaji pia moyo uliowahi kuonja kushindwa katika Wimbledon hiyohiyo.

Hatusemi kila mchezaji aliyestaafu akabidhiwe kipaza sauti. Sifa za jana si cheti cha kazi ya leo. Tunalosema ni kwamba wenye dhamana ya michezo na wenye dhamana ya utangazaji wakae pamoja, wawatafute wenye kipaji cha kusema, na wawafunze wangali na nguvu zao, badala ya kungoja hadi maarifa yao yabaki kuwa mazungumzo ya jioni.

Ujuzi hauzeeki, lakini usipopokewa, huzikwa na mwenyewe.